Zimekwenda Zote

Baba Mbodze,

Uji uko kwenye thamosi. Usimtilie mtoto sukari tena.

Hongera, fundi: kompyuta sasa haipokei barua pepe tu, inazituma pia. Asubuhi ulipoweka upya neno la siri la kutuma, ulicheka. Mimi moyo ulinipasuka. Zilizokwama zimeondoka zote, pamoja na ile niliyomwandikia dadangu Everlyne kwa hasira, kwamba harusini kwake asinitarajie. Ilipokwama nilishukuru, nikasahau kuifuta!

Nakimbilia ofisini kwake Shimanzi, nimuwahi kabla hajaisoma.

Gesi uifunge.

Lo, kompyuta imelia. Jibu lake limeingia, keshaisoma. ~~Nisomee, kisha unipigie.~~ Usilifungue. Naenda vivyo hivyo, anitukane uso kwa uso.

Mama Mbodze