Kanisa la Kupigia Picha

Guangzhou, Jumamosi. Joto la kunata. Mawingu yameinama tangu asubuhi, na mvua imekataa kunyesha.

Niwieni radhi, wasomaji wangu wapendwa. Leo naandika nikiwa na hasira, jambo ambalo walimu wangu wa misheni walinikataza.

Leo ni kumbukumbu ya marehemu mke wangu. Kila mwaka, siku hii, mimi huingia kanisani, hupiga magoti, humwombea, kisha hurudi nyumbani. Sihitaji zaidi ya hapo. Mwaka huu imenikuta ugenini kwa binti yangu Neema, ambaye hununua nguo za jumla katika barabara ya Zhanqian na kuzisafirisha Dar es Salaam. Akaniambia kwa furaha, "Baba, nimekupatia kanisa! Tena lipo ufukweni, kwenye mji uliojengwa kama miji ile ya Mediterania."

Nikavaa suti. Tukapanda basi hadi kusini kabisa, mto unapokutana na bahari. Mji upo kweli: nyumba nyeupe, madirisha ya buluu, mizeituni ya plastiki. Kanisa nalo lipo, lina kengele na msalaba.

Ndani hamna madhabahu.

Kuna taa za mpiga picha, na foleni ya maharusi waliovaa magauni ya kukodi. Nilipopiga magoti pembeni, msichana mwenye kamera alinijia mbio akiita, "Laoban! Laoban!" yaani bosi, kama wauzaji wa hapa wanavyotuita wageni sote sokoni. Nikadhani ananifukuza. Neema akatafsiri huku akijizuia kucheka: "Anasema una sura ya mchungaji. Anaomba usimame katikati yao, uwabariki."

"Mwambie nimekuja kusali."

"Nimemwambia, baba. Anasema sali tu, ila utazame kamera."

Naona aibu kukiri: nilisimama. Sikuweza kumkatalia bibi harusi. Wakaja wa pili, wakaja wa tatu, na Neema naye akatoa simu yake. "Tabasamu basi, baba, unawatisha!"

Nikatoka bila kuaga. Sijawahi kutoka mahali bila kuaga.

Nyuma ya mji ule nikakikuta kijiji cha wenyeji. Kuta zake zimejengwa kwa makombe ya chaza, safu juu ya safu, ya kijivu, yenye makali. Neema alinifikia akihema, akawauliza wazee waliokuwa wakicheza karata katika ukumbi wa ukoo wao. Wakamweleza kwamba chaza walivuliwa palepale, kabla bahari haijafukiwa kwa udongo ili Mediterania ile ijengwe. Ukutani mwa ukumbi vimepangwa vibao vya majina ya wafu wao, na mbele yake ubani unafuka.

Mzee mmoja alitazama suti yangu iliyolowa jasho, akanisogezea kiti. Neema akamweleza habari za mama yake. Mzee akawageukia wenzake kwa neno moja tu, na karata zikawekwa chini.

Basi nikasali. Ubani sikuugusa, na macho niliyafumba nisivione vibao. Lakini nilimwombea mke wangu mwanzo hadi mwisho, na hapana aliyenikatiza. Nyuma yangu Neema akaitikia "Amina" kwa sauti iliyopasuka. Sikuwa nimemsikia akimlilia mama yake tangu mazishi.

Bado nimekasirika, na hilo nalo naliombea msamaha.

Nikirudi Masasi, mchungaji ataniuliza kumbukumbu ya mwaka huu niliifanyia wapi. Kumficha siwezi. Nitamwambia kweli, ila nitamwomba kwanza aketi.