Shikamoo Niliyompa Punda

Shikamoo Bibi, na poleni na baridi ya Nambis!

Uliapa kwamba ukisikia nimempita mzee yeyote Hanang bila kumsalimu, nisirudi kwako. Nimejitahidi. Leo tumepanda mlima kutokea Gitting, na huko msituni ukungu ulikuwa mzito kama uji wako. Nikaona mzee ameketi njiani, amejifunika blanketi la kijivu. Nikavua kofia: "Shikamoo babu!" Nikarudia kwa sauti, nikamsogezea chapati yangu kwa mikono miwili. Babu akainua masikio marefu, akaila yote. Kumbe punda! Yoeli, kijana anayetuongoza, alicheka mpaka akakaa kwenye matope.

Wakati wa kushuka nikaona blanketi lingine la kijivu. Nikasema sidanganyiki tena, nikapita.

"Wewe!" blanketi likaita. "Punda wangu unampa shikamoo na chapati, mimi mwenyewe unanipita? Bibi yako ni nani?"

Nakupenda sana, Bibi, ndiyo maana nilimtaja Bibi Magdalena, jirani yetu. Akija kwako kulalamika, mpe chai, msikitikie.

Mjukuu wako mwenye adabu,
Petro