Boti ya Kilo Zangu

Jumatatu, 4 Agosti

Nimetegua mitego saba kutoka ukingoni, maji mpaka kiunoni. Kambare wanne. Wadogo. Wakubwa wako katikati ya mto na Marwa amekataa tena kunipakia. Mtumbwi ule ulikuwa wa marehemu mume wangu. Mdogo wake, huyu Marwa, aliuchukua siku ya matanga na hakuna aliyemuuliza. Leo kasema mbele ya wavuvi wote: "Shemeji, wewe ukipanda, sisi wengine tutakaa wapi? Kichwani kwako?" Wakacheka. Hata wale niliowapikia uji wakati wa mafuriko.

Namchukia Marwa. Nimeandika na sifuti.

Jumatano, 6 Agosti

Masanja, Msukuma anayechimba dhahabu Nyakunguru, hununua samaki kwangu. Kaniambia kuna fundi mjini Mugumu anauza boti ndogo za alumini, zilizokuwa za kambi ya watalii iliyofungwa. Nimeuza ng'ombe wangu wawili. Sikumwomba mtu ruhusa.

Alhamisi, 7 Agosti

Mugumu. Fundi kanitazama kuanzia miguuni, macho yakakaa tumboni, ndipo akanisalimia. Boti mbili. Moja ya bluu, nyembamba, inang'aa. Nyingine pana, ubavu umebonyea, kitako bapa kama sinia. Akanisukumia ya bluu.

"Inabeba kilo mia mbili, mama."

Nikauliza: mia mbili ni mimi peke yangu, au mimi na nyavu na samaki na injini? Akajifanya anatafuta spana. Nikauliza tena.

"Kwani wewe una kilo ngapi?"

Sijui. Mizani ya zahanati mshale hugota mwisho, nesi hugeuza uso. Nimeondoka bila kuaga. Mshenzi.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimepima kwenye mizani ya magunia, pale mashine ya kusaga. Wanawake wa kwenye foleni wakageuka kutazama. Kisha mmoja akasema kwa Kikurya kwamba mtamba huyu yuko tayari kwa mnada. Nilimjibu kwa Kikurya hicho hicho. Sitaandika nilichomjibu.

Kilo mia moja arobaini na moja. Inauma. Lakini sasa fundi hanidanganyi.

Jumatatu, 11 Agosti

Nilirudi Mugumu, nikamwambia fundi sinunui boti nchi kavu. Alikataa, akafoka, mwishowe akazipakia kwenye trekta mpaka lambo la ng'ombe nje ya mji. Watu wakatufuata kama tunaenda mpirani.

Ya bluu kwanza. Niliweka mguu mmoja ikalala. Nikaweka wa pili, nikawa majini na tope mdomoni. Kicheko lambo zima. Fundi naye. Nikajaribu kupanda kutoka majini, nikaona kitu ambacho hakuna aliyeniambia: ukishaanguka, boti hiyo haipandiki tena. Kila ukishika ukingo inakufuata. Kwenye mto wetu wenye mamba, hapo ndipo mwisho wako.

Nguo zinachuruzika, nikapanda ile pana. Ilishuka kidogo, ikatulia. Nilisimama. Nikasogea ubavuni makusudi. Ikainama, ikakataa kupinduka. Kibati chake kimeandikwa kilo mia tatu na hamsini. Nilipokaa, benchi la katikati tu ndilo lililobonyea.

"Ongeza chuma chini ya benchi," nikamwambia fundi. "Na nyuma nichomelee kidato cha kupandia."

"Kidato cha nini?"

"Cha mtu aliyeanguka."

Hakucheka tena. Kachomelea vizuri, lazima niseme.

Jumatano, 13 Agosti

Boti imeshushwa mtoni. Marwa kaizunguka mara mbili, kaipiga teke. Kasema ng'ombe walitoka kwenye boma la kaka yake, kwa hiyo boti ni ya ukoo. Ya ukoo maana yake ni yake. Wale ng'ombe niliwanunua kwa samaki wangu, mitego yangu, miguu yangu iliyooza kwa maji.

Alhamisi, 14 Agosti

Kikao kwa mama mkwe. Mama huyu hajawahi kunipenda. Siku ya mazishi alisema nimemla mwanawe. Nilikwenda nimekunja ngumi ndani ya khanga. Marwa aliongea mpaka povu likamtoka. Mwanamke haendeshi boti, ataizamisha, atatuaibisha. Mama alikuwa anachambua maharage, hainui kichwa. Kisha akaniuliza mimi:

"Inaweza kunibeba na mimi?"

"Inaweza, mama. Tukiwa wawili nafasi inabaki."

"Jumapili, basi."

Akaingia ndani na ungo wake. Nilidhani mama ananikejeli. Bado nadhani.

Jumamosi, 16 Agosti

Asubuhi nimekuta boti imepinduliwa, makasia hayapo. Nilikwenda moja kwa moja kwa Marwa, nikayatoa nyuma ya jiko lake, mkewe akiangalia chini. Yeye kasimama mlangoni.

"Gusa tena," nikamwambia.

Alipisha njia. Nilitamani asipishe.

Jumapili, 17 Agosti

Mama alikuja na gauni la kanisani na fimbo. Dada yake yuko ng'ambo, upande wa Wilaya ya Serengeti, mgonjwa tangu masika. Kwa barabara ni kuzunguka kutwa nzima, na mtumbwi wa Marwa anauogopa. Tangu hapo anamwomba Marwa ampeleke kwa barabara, naye anamwambia kesho. Nilikuwa sijui.

Nilikaa katikati, yeye mbele. Wavuvi walikuwa ukingoni. Walitutazama tukiondoka. Maji yalikuwa mazito, viboko mbali kule mto unakoshukia. Mama alishika ukingo kwa mikono miwili. Tulipopita katikati akaachia mmoja, akauweka mapajani.

Hakuniomba msamaha. Nami sikuudai.

Ng'ambo nilisimama nimsaidie kushuka. Aliegemea mkono wangu kwa uzito wake wote, ambao si kitu.

"Saa tisa njoo unichukue."

"Sawa, mama."

Nilirudi katikati ya mto, nikashusha ndoano, nikasubiri saa tisa.