Hawe na Waliorusha Ndege

Mjukuu wangu Kadzo,

Pokea salamu za Mishomoroni. Babu yako hajambo, na shangazi yako amejifungua msichana.

Umeniuliza ni watu gani mashuhuri walioishi wakati mmoja. Nikiwa darasa la sita, mwalimu alitutajia waliorusha ndege ya kwanza, na yule mama wa Kigiriama aliyewapinga wakoloni, akasema waliishi wakati mmoja. Nikanyoosha mkono: "Hata hawe, nyanya yangu, alikuwapo!" Darasa zima likacheka.

Jioni mwalimu akaja nyumbani. "Shikamoo mama. Wamkumbuka yule mama?"

"Nilimuona nikiwa kigoli," hawe akajibu. "Alicheza ngoma mpaka vumbi likatufunika."

Nililala naye kitanda kimoja miaka yote, sikuwahi kumuuliza.

Kesho yake mwalimu aliandika jina la hawe ubaoni, kando ya wale wa ndege. Nilipomweleza, hawe akauliza: "Na wao, wameambiwa kuwa nami nilikuwapo?"

Nyanyako akupendaye,
Dama