Kinanda Kinachomtii Shemeji Peke Yake

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla nyumba yangu haijagawanyika, na tafadhali usicheke, maana mke wangu alishacheka vya kutosha kabla hajaacha kusema nami.

Mimi ni mwoka mikate, nina miaka hamsini na minne, na binti yangu wa pekee anaolewa wiki mbili zijazo, akaniomba nimpigie mwenyewe wimbo wa kuingia ukumbini, basi nikanunua kinanda cha MIDI, kile kisicho na sauti yake, unakichomeka kwenye kompyuta na sauti inatoka kwenye programu, na shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ambaye ni fundi simu, akaja akaniwekea programu hiyo pamoja na pedali ya mguuni ya kurefusha sauti, akapiga, kikalia vizuri, akaenda zake. Kesho yake nikakaa mimi, nikawasha, nikabonyeza noti moja, mshauri, ikalia isikome, nikabonyeza ya pili ikaungana nayo, ya tatu, ya nne, zikang'ang'ania zote kama wageni wasiojua kuaga, na ajabu ni kwamba nikikanyaga pedali ndipo zinanyamaza. Nikabadilisha waya, nikafuta programu nikaiweka upya, wapi! Nikamwita shemeji, akazima, akawasha akiwa amesimama tu, kikalia sawasawa. Akaondoka, nikakaa, nikawasha, mayowe yale yale. Mara tatu hivyo! Nikaamini kaniwekea kitu makusudi ili nimtegemee, nikamwambia mbele ya mama mkwe na mchumba wa binti, "Unanichezea wewe. Usikanyage tena hapa kwangu." Akachukua mkoba wake, akaondoka. Sasa mke wangu ananipakulia chakula bila kunitazama, na binti kasema, "Baba, kama mjomba haji, na huo wimbo uache." Nifanye nini ili akiri alichokifanya?

Mwoka Mikate Asiye na Raha

Mwoka mikate, kwa kinanda nakupa pole. Kwa shemeji sikupi hata robo.

Umebadilisha waya, umefuta programu, umefukuza mtu. Kitu kimoja tu hukukichunguza: mguu wako. Barua yako nilimsomea fundi mitambo wa studio, mama mmoja asiyecheka ovyo, akacheka hadi akavua miwani. Akanieleza kuwa vinanda vingi vya aina hiyo, vinapowashwa, huangalia pedali ilivyo na kuamini hapo ndipo imepumzika. Ukiwa umeikanyaga wakati huo, mambo yanageuka juu chini: ukiinua mguu noti zinang'ang'ania, ukikanyaga zinanyamaza. Shemeji huwasha akiwa amesimama. Wewe unakaa kwanza kama mfalme, unaweka mguu, ndipo unawasha.

Sikutaka kubahatisha, ndiyo maana nilikupigia simu juzi kwa namba uliyoiandika kwenye barua.

"Zima," nikakwambia. "Sasa ondoa mguu."

"Mguu upi?"

"Yote miwili, baba. Washa."

Ukabonyeza noti, ikalia, ikakoma. Ukabonyeza nyingine, ikakoma. Nikakusikia ukishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia. Mke wako akauliza kulikoni, nawe, ukidhani umeziba simu kwa kiganja, ukamjibu, "Kimepona chenyewe."

Kimepona chenyewe! Mzee mzima! Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Wewe umejikwaa vyote viwili, kisha ukaruka kama hukuanguka.

Najua kilichokuuma. Ulitaka binti yako akusikie ukipiga, si kumwona mjomba akikutengenezea tena mbele ya wakwe. Hilo nalielewa, na ni la heshima. Lakini yule bwana amekuja kwako mara tatu, kila mara ameacha kazi zake, na malipo yake yakawa kuitwa mlaghai.

Kwa hiyo, siku zote washa kwanza, kaa baadaye. Noti ikikwama tena, zima, ondoa mguu, washa upya, usitafute mchawi. Leo hii mwambie mke wako ukweli, na usimtume akusemee. Kesho asubuhi, mikate ikishatoka, funga duka, mchukue mama mkwe na mchumba wa binti, kwa sababu walisikia tusi na wana haki ya kukusikia ukiomba radhi. Gonga mlango wa shemeji. Usianze na habari za pedali. Sema, "Nilikukosea," kisha nyamaza, umwache aseme yote aliyonayo.