Nilimpisha Mkwe Getini

Dada mshauri, nakusalimu, na wenzako wa hapo redioni nawasalimu. Nisamehe mwandiko, shule yangu iliishia darasa la nne tukawa tunahama na ng'ombe, na barua hii siwezi kumpa mtu aniandikie, ukiisoma utaona mwenyewe kwa nini.

Mimi ni mama wa watoto watano, ni mlinzi wa geti zamu ya mchana kwenye nyumba salama hapa Makanyagio, Mpanda, wanapokaa kina mama waliokimbia vipigo, na sheria za pale mkuu wetu Mama Specioza alinifundisha siku ya kwanza mpaka nikazishika kichwani, kwamba geti linakaa na kufuli muda wote, anayekuja abaki nje, nimuulize jina na shida yake, nione kitambulisho, niandike kwenye daftari, halafu nimpigie yeye simu, akisema ndiyo ndio nafungua, na mwanaume hata awe nani haingii mpaka Mama Specioza atoke mwenyewe. Miaka miwili sijakosea. Kuna mkubwa mmoja alikuja na gari nikamwacha juani, akasema we mama hunijui, nikamwambia ndiyo maana nakuuliza jina.

Sasa mwezi uliopita akaletwa Dorice, mkono umevunjika, na Dorice ni mke wa Masele, na Masele ni kaka mkubwa wa huyu aliyemuoa binti yangu Kabula, kwa hiyo ni watu wangu, lakini dada nilinyamaza, Kabula aliniuliza mara mbili, mayu, ndiyo mama kwa Kisukuma, hujasikia Dorice yuko wapi, nikasema sijui, mwanangu wa kumzaa nikamdanganya nikiwa namwangalia machoni. Wiki iliyofuata Dorice akapelekwa kwa familia moja kule Mwamkulu ili mkono upone akiwa mbali na mjini.

Alhamisi saa nane mchana nasikia mtu anakohoa nje, nachungulia kwenye tundu, ni mkwe wangu. Jina lake silitaji, sisi Wasukuma, kule nilikokulia, mama mkwe halitamki jina la mkwe wake wala hawatazamani usoni, tukikutana njiani mimi natoka pembeni najifunika kanga mpaka apite, na tangu amuoe Kabula mwaka wa sita huu sijawahi kusimama naye nikaongea. Sasa nitamuuliza jina? Nitamwambia lete kitambulisho nikulinganishe sura? Mikono ikafanya yenyewe, dada, nikafungua kufuli, nikajifunika, nikageukia ukuta, nikampisha. Nikamsikia anapanda barazani, pale kuna daftari la safari za gari linaning'inia kwenye msumari, dereva anaandika kampeleka nani wapi, nikasikia karatasi zinafunuliwa moja moja, taratibu, halafu akatoka akasema kwa upole, asante mayu. Mama Specioza alikuwa nyuma na kina mama wenye majeraha, hakuona. Kwenye daftari langu la getini saa nane ile hakuna kitu.

Leo Jumamosi Kabula kapita kwangu, anacheka, anasema mume wake na shemeji yake kesho asubuhi wanakwenda Mwamkulu kuangalia mashamba ya mpunga, nikamuuliza tangu lini wana mpunga Mwamkulu, akasema mayu nawe, watu wanatafuta maisha unawahoji kama polisi. Tangu hapo sijakaa chini. Nikisema, namuumbua mkwe, na Kabula ana mimba, anaweza kurudishwa nyumbani, na kazi naipoteza. Nikinyamaza, Dorice kesho wanamfikia. Niambie dada, nilikosa kwa kushika adabu aliyonifundisha mama yangu? Barua naileta mwenyewe kwenye sanduku lenu Kashaulili, namba yangu iko nyuma ya bahasha.

Ni mimi Nyanzala, Makanyagio.

*

Mama Nyanzala,

Wasikilizaji wajue kwanza kwamba barua hii naisoma leo, wiki tatu baada ya kuandikwa, majina yote, ya watu na ya mahali, nimeyabadili, na mama mwenyewe ameridhia isomwe. Siku ile sikuimaliza nikiwa nimekaa. Nilikupigia simu, ukaanza kunisalimia na kuniulizia watoto, nikakukatiza, nisamehe kwa hilo. Nikakwambia nenda kwa Mama Specioza sasa hivi. Ukaniuliza, nitaanzaje dada, na jina silitaji? Nikakujibu usilitaje, sema mume wa Kabula. Ukapanda bodaboda, ukaenda, ukasema. Kabla giza halijaingia Dorice hakuwa tena Mwamkulu. Asubuhi yake wale ndugu wawili walifika kwenye ile nyumba na fimbo zao, wakamkuta askari wa dawati la jinsia amekaa uani anakunywa chai.

Sasa nikugombeze. Kutoka kwako mpaka kwa Mama Specioza ni mwendo wa kutembea. Wewe ukachukua kalamu, ukaandika kurasa mbili, ukaja mpaka Kashaulili kunitafuta mimi nisiyekujua. Sanduku lile nalifungua Jumatatu, mama. Jumamosi ile nilirudi ofisini kuchukua mwavuli niliousahau, nikaona bahasha yako imetokeza. Kama mvua isingetishia, leo tungekuwa tunaongea habari nyingine. Siku nyingine ukikosea getini, mwenye nyumba ajue kabla mshauri hajajua.

Umeuliza kama ulikosa kwa kushika adabu. Nami nakuuliza: mama yako alikufundisha upande mmoja tu? Mama mkwe anatoka njiani, sawa. Na mkwe je? Mkwe mwenye adabu akijua mama mkwe yuko mahali, anazunguka, hata kama njia ni ndefu. Huyu hakujua kama upo? Miaka miwili uko pale. Angekuja usiku, mlinzi wa usiku angemuuliza jina. Alikuja saa nane mchana kwa sababu alijua yuko mtu mmoja mjini Mpanda ambaye hawezi kumtazama usoni. Adabu yenu aliivunja yeye kabla hajakohoa.

Njia unayompisha mkwe iwe ya kwako. Ile ya getini haikuwa ya kwako, ilikuwa ya Dorice.

Wala mzigo wote si wako. Nyie wenye ofisi mnaonisikiliza, daftari linaloonyesha mwanamke aliyefichwa kapelekwa wapi linaning'iniaje kwenye msumari barazani? Mmefunga geti, siri mmeianika. Liingie kabatini, ufunguo akae nao mtu mmoja, dereva aandike kilomita zake basi. Na getini wawe watu wawili, ili ndugu wa mlinzi akija, mlinzi aseme huyu ni wangu, akae pembeni, mwenzake amhoji. Mji wetu mdogo huu, kila mtu ni ndugu wa mtu.

Nimesikia Mama Specioza amekupa onyo la maandishi na kazini umebaki. Lipokee, ulisaini, usilie mbele yake. Kwenye daftari la getini andika ile saa nane uliyoiacha wazi, na uandike kwamba umeiandika baadaye.

Kabula unaniambia bado hujamwambia. Mwambie leo, wewe mwenyewe, kabla hajasikia maneno ya upande wa pili. Usimwombe msamaha kwa kumficha alipo Dorice, pale ulifanya kazi yako. Unaogopa asirudishwe nyumbani. Mimi naogopa kingine: mtu aliyebeba fimbo kumfuata mwanamke mwenye mkono uliovunjika, binti yako analala naye nyumba moja, na ana mimba. Mwonyeshe dawati la jinsia liko wapi. Mwambie kwako akija saa yoyote hataulizwa kitambulisho.

Dorice yuko salama. Ni wapi, sijui, sikuuliza, na wewe usiulize.

Mkwe akija tena akakohoa, jifunike kanga, geukia ukuta, mpe heshima yote uliyofundishwa. Kufuli usiliguse. Ufunguo ubaki kwenye pindo la kanga yako.