Mama, Yule Si Akuru Wako

Mama,

Amani ya Bwana iwe nawe huko uliko. Mimi huku amani sina. Nimejaa hasira, na sitajaribu kukuficha, maana hata ulipokuwa hai uliniangalia uso tu ukajua.

Jumapili watu walikuja kukuombea. Katekista alipomaliza sala, akuru mmoja, njiwa wa porini, akatua juu ya bati la nyumba yako akaanza kulia. Owiti, kitinda mimba wako, akanyoosha kidole. "Mnasikia? Akuru wa Mama huyo! Na kuna watu wanasema nimewafukuza ndege wake." Watu wakaitikia Amina. Mama, waliitikia Amina! Mbele ya kaburi lako, kwa jambo la uongo.

Yule hakuwa wako. Alikuwa yule wa kijivu, mwenye utepe mweusi shingoni nyuma, anayekaa mahali peupe, shambani na barabarani. Wewe ndiye uliyenifundisha. Nilipoletwa hapa Lambwe kama bibi arusi nilikuwa najua ndege wa ziwa tu, wale wanaotuibia omena kwenye nyavu za kuanikia. Siku ile tulienda kuokota kuni kule chini kijitoni, nikasikia kitu kinalia kichakani, nikaangusha kuni zangu nikidhani ni mtoto ameachwa. Ulicheka mpaka ukakaa chini. "Nyar Muhuru," ukasema, "binti wa Muhuru, huyo si mtoto. Huyo ni akuru wa kichakani, akuru wangu." Kisha ukanishika mkono, tukanyamaza, tukamsubiri atoke.

Alitoka akitembea kwa miguu kama kuku mdogo. Wa kahawia, mdomo mwekundu wenye ncha ya manjano, na kwenye bawa matone ya bluu yanayometa kama mgongo wa mbawakawa. Nilikohoa kidogo tu, akaruka chini chini, mabawa yakaonekana mekundu kama udongo wa matofali, akaingia kwenye miiba, basi. Ukaniambia nisimtafute kwa macho, nimtafute kwa masikio. Yule wa barabarani, ulisema, analia kama mwanamke anayesaga mtama juu ya jiwe, hachoki, habadilishi. Wa kichakani analia kama njugu zinazodondoka kwenye sufuria: moja, halafu moja, halafu mbili, halafu zote zinamwagika, kimya. Mpaka leo nikimenya njugu namsikia. Na nakusikia wewe.

Mwalimu mmoja wa Pwani aliwahi kuniambia kwao wanamwita pugi. Sisi tunawaita wote akuru, na hapo ndipo Owiti amejificha, ndani ya hilo jina.

Maana tangu tukuzike, Mama, kichaka chako chote cha kijitoni kimeisha, isipokuwa kipande kidogo pale maji yanapopinda. Owiti alisema anakata kwa sababu ya mbung'o, ati wanajificha humo na wanamaliza ng'ombe. Ni kweli mbung'o wapo, sisi sote tumezika ng'ombe. Lakini wewe hukukata. Wale watu wa mbung'o walipotundika mtego wa kitambaa cha bluu pale kwenye kona, ni wewe uliyefyeka nyasi chini yake kila mara ili mbung'o wakione, ukawafukuza watoto waliotaka kushonea kaptura. Sasa ukiuliza kile kitambaa kiko wapi, nitakuambia. Kimefunika makaa. Miti yako imekuwa makaa, magunia yamepangwa nyuma ya nyumba ya Owiti yakingoja lori la Homa Bay, na juu yake amefunga kitambaa cha mbung'o yasinyeshewe.

Kwa hiyo Jumapili nilishindwa. Najua mke wa mtu hasimami hivyo kwenye maombi. Nilisimama. Nikasema, "Huyo si wake."

Shangazi alinifinya paja, bado kuna alama. Owiti akacheka. "Akuru ni akuru, mama Achieng. Wewe mtu wa samaki, mambo ya ndege umeyajulia wapi?" Watu wakacheka naye. Mwanao mkubwa, mume wangu, akakohoa tu. Unakujua kukohoa kwake.

Nikamwambia, "Nimeyajulia kwa mama yako." Nikamwambia hata Yusufu na Mariamu walipopeleka mtoto hekaluni, sadaka yao ilikuwa hua ama makinda ya njiwa, Mungu mwenyewe hakuwachanganya, wewe ni nani? Na kama unapigana na mbung'o, shemeji, kile kitambaa chao kinafanya nini juu ya makaa yako? Unataka kukamata mbung'o wa ndani ya gunia?

Hapo kicheko kikahama upande. Hata Katekista alifunika mdomo kwa kitabu cha nyimbo. Owiti alienda nyuma ya nyumba, akarudi na kitambaa, akanitupia miguuni. "Chukua. Nyumba ya Mama ni yangu na kijito ni changu. Ile kona nitaiacha kwanza. Ng'ombe mmoja akiugua, naimaliza." Ndipo mume wangu akafungua mdomo, akasema mbele ya wote, "Umesema. Tumesikia." Maneno mawili tu, lakini yametoka.

Nimekifua kitambaa. Maji yalitoka meusi, nikamwaga, yakatoka meusi tena. Nilikuwa nalia, Mama, kwa hasira, kwa sababu nyingine pia. Nimekitundika palepale ulipopajua na nimefyeka nyasi chini yake. Upande wetu wa kijito nimeacha kulima ule ukingo wa mtama. Miiba imeanza kutoka yenyewe, majirani wanasema nimekuwa mvivu.

Yeye mwenyewe sijamsikia. Naenda asubuhi kabla ya moshi wa jikoni, nasimama, nanyamaza kama ulivyonifundisha. Namsikia wa kijivu tu, anasaga, anasaga. Njiwa wa Nuhu hakurudi kwa sababu alipata mti. Wako labda hajarudi kwa sababu hana.

Naomba ng'ombe wasiugue. Naomba hivyo kila jioni, Mungu anajua ni kwa ajili ya nani.

Kwaheri, Mama. Siku njugu zitakapodondoka kule kichakani nitakuja mbio kaburini kukuambia. Zisipodondoka nitakuja pia, nikae nawe. Lakini uongo hutausikia tena mimi nikiwepo, hata wauitikie Amina.

Ni mimi,
Nyar Muhuru wako.